Mwisho wa Wimbo Ninao Mimi

Mpendwa Mwalimu Konrad,

Hilo "mpendwa" usilishike sana. Kwetu barua huanza hivyo hata kwa mtu unayemdai maelezo. Najua pia kwamba husomi Kiswahili, na ndiyo maana nimeandika kwa Kiswahili, nikaibandika hapa kwenye ubao wa matangazo wa wanafunzi wa Afrika Mashariki wa Guangzhou, anayepita aisome. Ningekuandikia kwa Kiingereza ungeisoma peke yako, ukaikunja, ukaitia mfukoni, yakaisha. Hii, nakala yake ikikufikia kwa posta, itabidi umtafute mtu akusomee, na huyo mtu atakuwa shahidi wangu.

Kaseti yako imefika. Xiaoyun, yule mwanafunzi wako wa kinanda mwenye miwani mikubwa, ameniletea mwenyewe hadi bwenini, na ameleta na swali lako. Nitakujibu, lakini si kwa haraka unayoitaka wewe. Kwanza nikukumbushe tulivyojuana, maana nina wasiwasi kwamba huko Ujerumani unawasimulia watu kwa namna nyingine.

Tulikutana mtaa wa Yide Lu. Masomo ya udaktari yalikuwa yamenikalia kooni, na Jumamosi nilikuwa nawatafsiria wafanyabiashara wa kwetu ili nipate hela ya sabuni na ya kupiga simu nyumbani. Siku hiyo nilikuwa na Bwana Sudi wa Kariakoo, ambaye huchanganya midoli, madaftari na kalamu za rangi kwenye kontena moja. Tukaingia duka la midoli lililo karibu na lile kanisa la mawe, tukakukuta umechuchumaa mbele ya boksi la filimbi za plastiki. Unapuliza moja, unasikiliza, unaiweka kushoto. Unapuliza nyingine, unasikiliza, unaiweka kulia. Mwenye duka alikuwa amesimama juu yako amekunja uso. Nani atanunua filimbi iliyokwisha kuingia mdomoni mwa mtu?

"Dada, hebu mwangalie huyu mzungu," Bwana Sudi aliniambia. "Mtu mzima na mvi zake anapuliza vitu vya watoto. Huyo si bure. Huyo askari kanzu."

"Askari kanzu wa nani, Bwana Sudi?"

"Mimi nitajuaje? Msomi ni wewe. Muulize. Halafu mwambie laoban atupe bei ya katoni, asituletee mambo ya kimoja kimoja. Akisema meiyou, tunatoka."

Laoban ndiye bosi wa duka, na meiyou ni "hakuna", neno ambalo sisi wote tulijifunza hapa kabla ya salamu. Nilikuuliza kwa Kiingereza unafanya nini. Ukasema wewe ni mtunzi wa muziki na mpigaji wa kinanda cha mabomba, na kwamba unatafuta filimbi ambazo karibu zinapatana lakini hazipatani. Nikakuangalia. Ukaona siamini, ukatia mbili mdomoni kwa pamoja, ukapuliza. Sauti ikatetemeka dukani mpaka mwenye duka akaacha kununa.

"Unasikia?" ulisema. "Zinagombana."

Nilisikia, kwa kweli. Ndipo ukajigusa kifua ukasema "Konrad," kisha ukaninyooshea kidole mimi ukasema "Dada." Hukuuliza. Ulisema tu, kwa uhakika wote, kwa sababu ulikuwa umemsikia Bwana Sudi akiniita hivyo. Bwana Sudi alicheka mpaka akaegemea maboksi.

"Haya, umeshabatizwa Yide Lu," alisema. "Na aliyekubatiza ana filimbi mdomoni."

Sikukusahihisha, na kwa hilo wala sikuombi radhi. Mtu nisiyemjua, anayechambua filimbi kama anayechambua mchele, jina langu alitakie nini? Niliona heri uniite kwa jina ambalo kila mtu huniita. Nina sababu zangu. Mimi ni mtu wa Usambara, na kwetu Wajerumani si wageni. Kanisa tulilobatiziwa lilijengwa na watu wa kwenu, na kengele yake ilitoka kwenu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa hapendi kuisikia kengele ile. Alisema wenye kengele walipokuja waliuliza majina ya vitu vyote, mlima huu unaitwaje, mto huu unaitwaje, na kila walichoandika jina lake, kesho yake hakikuwa chetu tena. Wewe hukuuliza jina. Nikajiambia, angalau huyu si wa namna ile.

Ukaniuliza kama najua nota. Nikasema kwetu Lushoto nimeimba kwaya tangu utotoni, nasoma nota bila shida. Macho yako yaling'aa, na mimi mtu akinifurahia ghafla huwa narudi nyuma hatua. Lakini ulihitaji mtu wa kukushikia nota wakati ukirekebisha kinanda cha ukumbi mpya wa muziki, na ulikuwa tayari kulipa, na Bwana Sudi alikuwa anarudi Dar wiki ile. Nikakubali.

Ukumbi ulikuwa bado unanuka rangi. Nilijua vinanda vya kanisani, vile vya kukanyaga kwa miguu, ambavyo panya akiingia vinakohoa. Hicho chako kilijaa ukuta mzima, mabomba mengine marefu kuliko nguzo ya umeme. Ukaingia ndani yake kwa kimlango cha ubavuni, umeshika tochi na kijiti cha chuma, ukapotea humo. Mimi nikabaki nimekaa mbele ya safu za vitufe, peke yangu, naongea na ukuta.

"D!" ukuta ulisema.

Nikabonyeza do. Kwetu kwaya nzima inasoma nota kwa herufi, na d ni do, r ni re, m ni mi. Mtu akisema d, mkono unaenda wenyewe.

"Nein! D!"

Nikabonyeza do ile ile, kwa nguvu zaidi. Ulitoka na vumbi kichwani umekasirika, ukanikuta mimi nimekasirika kukuzidi. Ndipo ukanieleza kwamba kwenu D ni D tu, ina mahali pake na haihami, na wala haina habari na do yangu. Ukanionyesha A. Ukanionyesha B. Kisha ukasema hii hapa inaitwa H. Nikaona sasa unanidhihaki, kwa sababu mtoto wa chekechea anajua kwamba baada ya B haiji H. Xiaoyun, aliyekuwa amekaa viti vya mbele na vitabu vyako mapajani, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Yeye kwao nota ni tarakimu, moja ni do, mbili ni re. Ulipoingia tena ndani ya kinanda, aliniandikia 1 2 3 kwenye karatasi, mimi nikaandika d r m chini yake, na tukaelewana pale pale. Halafu akaniuliza jina langu ni nani na lina maana gani kwetu. Akaliandika kiganjani kwa kalamu, akalitamka na kulitamka mpaka likakaa vizuri.

Wakati wa kupumzika tulikuwa tunakaa ukingoni mwa jukwaa tunakula mikate ya mvuke, na wewe ukinisimulia maisha yako, kama mgonjwa anayezunguka asifike kwenye ugonjwa wenyewe. Ulisema baba yako alikuwa fundi seremala, na kwamba ulipoanza kujifunza kinanda miguu yako haikufika kwenye vibao vya chini, akakugongea vipande vya mbao kwenye soli za viatu. Ulisema mama yako alikuja kukusikiliza siku ya kwanza akatoka analalamika kuhusu viatu, si muziki. Kazi yako ya kwanza ilikuwa kanisa la mji wa machimbo ya makaa, ambako wazee walitaka nyimbo zile zile walizozikwa nazo baba zao. Wewe ukawatungia kitu ambacho nota moja inashikiliwa mpaka watu wanaanza kuangaliana. Wakatoka, mmoja mmoja, na mchungaji akatoka nao. Ulicheka sana uliposimulia hilo, nami nilicheka.

Halafu mambo yakakunyookea. Hao hao waliotoka kanisani wakasoma habari zako magazetini, wakarudi wakakaa mbele. Ukaitwa miji mikubwa. Ukafungua vinanda vipya, ukafundisha, ukapewa vyeti ambavyo ulisema viko kwenye boksi chini ya kitanda. Watu wakawa wanakuandikia kutoka nchi ambazo hujafika.

"Na sasa unatunga nini?" nilikuuliza.

Ukauangalia mkate wako.

"Sasa nasikiliza," ulisema.

Baadaye Xiaoyun alinieleza maana ya neno lile. Ulikuwa hujaandika hata mstari mmoja kwa miaka. Ulikuwa unapiga kazi zako za zamani na za waliokufa, na watu walianza kunong'ona. Basi nikakuona kwa macho mengine, Mwalimu. Kisima chako kilikuwa kimekauka, na ulikuwa umekuja kwa watu na ndoo tupu. Nikaanza kuangalia ndoo ile unaielekeza wapi.

Sisemi kwamba hukuwa mtu wa kufurahisha. Bado nikipita Zhanxi huwa nacheka peke yangu. Viatu vyako vya kupigia kinanda vilikuwa vimetoboka, ukataka vingine vyenye soli nyembamba, nikakupeleka kule kwenye maduka ya jumla karibu na stesheni. Ulivaa kimoja, ukasimama katikati ya duka, ukaanza kukanyaga sakafu kisigino na kidole, kisigino na kidole, macho umefumba, mikono umeikunja kifuani. Wasukuma mikokoteni walisimama. Mmoja akaanza kukupigia makofi. Mwenye duka akaniambia tunachukua dazeni au tunatoka, hauzi jozi moja, meiyou. Nikambembeleza, nikamwambia huyu ni mzee wa kanisa, ana matatizo ya miguu. Akakuonea huruma akakuuzia. Ulivaa viatu vile siku ya ufunguzi wa ukumbi, na mimi nilikuwa nimekaa juu kabisa, nikaona wenye suti wote wanaangalia mikono yako, mimi naangalia viatu vyetu vya Zhanxi. Nilijivuna. Hilo nalikubali.

Lakini sasa tuzungumze kuhusu siku ya wimbo.

Ilikuwa saa za mchana, siku chache kabla ya ufunguzi. Ulikuwa ndani ya kinanda unarekebisha safu ya mabomba yenye ndimi za shaba, yale yenye sauti ya mtu aliyefikwa na mafua. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kitufe, kusubiri useme "Weiter", yaani twende mbele, kisha nishike kinachofuata. Kazi hiyo inalevya. Unakaa na sauti moja mpaka inakuingia mifupani. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sikwenda kumzika, kwa sababu nauli ya kwenda nyumbani haikuwepo na mitihani ilikuwepo. Nimeshika nota yako, na bila kukusudia nikaanza kuimba juu yake, chini chini, wimbo ambao Mama alikuwa akiimba anapopiga pasi mashuka ya hospitali ya misheni. Si wimbo wa kanisani. Maneno yake ni ya Kisambaa, na sitayaandika hapa.

Niliimba, nikaenda nao, nikakaribia mwisho. Ndipo nikagundua kwamba ni muda mrefu hujasema "Weiter".

Tochi yako ilikuwa imezimwa. Nikanyamaza pale pale nilipofika.

"Endelea," ulisema kutoka gizani.

"Endelea na nini?"

"Na wimbo. Unaishaje?"

"Meiyou," nikasema. Hakuna.

Nimeyafikiria sana yale mambo. Kwa nini ulizima tochi? Mtu anayefanya kazi ndani ya mabomba anazima tochi kwa ajili gani? Na uliposhuka, mkoba wako ulikuwa wazi juu ya kiti, na ndani yake kinasa sauti chako kidogo kilikuwa kinawaka taa nyekundu. Nilikuonyesha. Ukasema taa ile huwaka betri zikiwa zimechoka. Inawezekana. Mimi nilinunua betri za vinasa sauti na Bwana Sudi, katoni kwa katoni, na sikuwahi kuona taa ya namna hiyo. Lakini siwezi kuapa.

Tangu siku ile ukawa mwema kupita kiasi. Ukaniletea matunda makavu kutoka Yide Lu, yaliyofungwa kwa karatasi nyekundu. Ukaniuliza habari za Mama, alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa mrefu, sauti yake ilikuwa nzito au nyembamba. Ungekuja na maswali hayo mwezi mmoja kabla, ningekulilia begani. Sasa kila swali nililigeuza kwanza kuangalia upande wa chini. Ulisema, "Pole kwa mama yako," nami nikasikia, "Na mwisho?" Kwa sababu kila mara, baada ya pole, liliingia lile lile, umelivalisha nguo nyingine. Je, huo wimbo una beti nyingine? Je, watu wengine wa kwenu wanaujua? Je, unapanda au unashuka pale mwishoni? Meiyou, Mwalimu. Meiyou. Nililisema neno lile kwako kuliko nilivyolisema sokoni kote.

Na Xiaoyun akaniambia, anafurahi kwa ajili yako, kwamba umeanza kuandika tena. Hulali. Umejaza karatasi sakafuni chumba kizima. Alidhani atanifurahisha.

"Anaandika nini?" nilimuuliza.

"Hasemi. Anagongagonga mlango kwa vidole, tu-tu, tu-tu, siku nzima."

Ukaondoka Guangzhou bila kuniaga sawasawa. Uliacha salamu na ile pea yako ya zamani iliyotoboka, umeipiga rangi, sijui niivae wapi. Nikajiambia imekwisha.

Sasa kaseti. Tuliisikiliza alasiri chumbani kwangu, mimi na Xiaoyun, tumekaa kitandani, yeye ameshika nakala ya nota uliyomtumia. Zikaanza filimbi za Yide Lu. Nilizitambua, zile mbili zinazogombana. Nikacheka. Kisha kinanda kikaingia, na juu yake, kwa sauti ya mabomba ya ndimi za shaba, kama ile niliyoishikilia kwa mikono yangu, akaingia Mama.

Nilimjua kabla sijaujua wimbo. Nilimjua kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya mstari wa pili, kwa sababu umeweka hata pumzi. Nilikasirika, Mwalimu. Na nililia pia, na nilikukasirikia zaidi kwa kuniliza. Wimbo ulikwenda vizuri, haukukosea hata sehemu moja, mpaka ukafika pale niliponyamaza. Hapo kinanda chako kikaanza kuzunguka. Kikarudi nyuma, kikajaribu tena, kikafika pale pale, kikarudi. Na chini, kwenye miguu, kwenye viatu vyetu vya Zhanxi, sauti mbili nzito zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi, mpaka mkanda ukaisha.

"Hizi za chini ni nini?" nilimuuliza Xiaoyun.

Akasogeza nota karibu. "D, A, D, A. Kuanzia hapo mpaka mwisho. Mwalimu alitufundisha darasani kwamba watunzi wa kwao huficha majina ya watu ndani ya nota, kwa sababu nota zao ni herufi. Mimi nilidhani ni Kichina. Da-da, piga piga. Nikasema labda ni ngoma." Akanitazama. "Kwa Kiswahili lina maana?"

Nikamwambia lina maana. Nikamwambia ndivyo tunavyomwita mwanamke yeyote, wa kuzaliwa naye na wa kupishana naye njiani, muuza vitumbua, nesi, mkalimani. Xiaoyun aliweka mkono mdomoni. Halafu akasema polepole, "Anadhani ndilo jina lako."

Nilicheka, Mwalimu. Ningelikuwa na Bwana Sudi siku hiyo tungevunja kitanda kwa kucheka. Mtunzi mkubwa kama wewe, uliyefungua vinanda miji yote hiyo, umekaa karibu mwaka mzima na mimi, umechukua wimbo wa mama yangu, umechukua mpaka pumzi yake, kisha ukaandika chini yake shukrani kwa mtu asiyekuwepo.

Sasa swali lako. Xiaoyun anasema umealikwa kuipiga kazi yote kwenye kanisa kubwa huko kwenu, na hutaki kuipiga ikiwa imekatika. Umempigia simu ukamwambia, "Muulize Dada, wimbo unaishaje?"

Nitakwambia, kwa sababu kukwambia si kukupa.

Wimbo ule hauna mwisho wake wenyewe. Ni wimbo wa kumwita mtoto arudi nyumbani. Mama aliuanza akiwa anapiga pasi, kwa kujifurahisha, na jioni akatoka nao mlangoni kuniita kutoka kwa majirani. Mwisho wake ni jina la mtoto. Kila mama anaweka la mwanawe, na lugha yetu hupanda na kushuka, kwa hiyo sauti inafuata jina lenyewe linavyokwenda. Wa jirani yetu uliishia chini. Wangu unaishia juu. Hakuna mtunzi duniani, hata awe na mabomba mangapi, atakayeumaliza bila kumjua mtoto anaitwa nani. Ndiyo maana nilinyamaza pale siku ile. Kilichokuwa kinafuata kilikuwa mimi.

Na hata ningetaka kukupa, siwezi. Mtu hajiiti mwenyewe. Nimejaribu bafuni, maji yanamwagika mtu asinisikie, na sauti inagoma pale pale kinapogoma kinanda chako. Tangu Mama afariki hakuna aliyeufikisha wimbo ule mwisho. Ninao, lakini ninao kama mtu aliyeachiwa ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Kinachonitia wasiwasi kuliko taa nyekundu na tochi ni hiki: uliweka jina. Pale ambapo Mama aliweka jina, nawe uliweka jina. Hukuambiwa na mtu. Ama ulisikia kitu ambacho sikukiimba, na hapo naanza kuogopa masikio yako, ama ni bahati tu ya mtu aliyezoea mchezo wa herufi. Nimekaa na jambo hili kwa siku kadhaa, nalala nalo naamka nalo. Mara nakuona mwizi, mara nakuona mtu pekee aliyesimama mlangoni kuniita tangu Mama aondoke, isipokuwa ameita nyumba siyo. Bado sikuamini, Mwalimu. Lakini nimechoka kutokukuamini peke yangu, ndiyo maana nimeibandika barua hii hapa.

Ukitaka kuipiga kazi yako, ipige. Wimbo umeshatoka, siwezi kuurudisha kooni. Lakini usiupachike mwisho wa kubuni, na usiseme kwamba ni wimbo wa watu wa Afrika. Ni wa mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga pasi mashuka. Na kama unautaka mwisho wake wa kweli, njia unaijua, ni ile uliyoiruka siku ya kwanza dukani. Muulize Xiaoyun. Yeye aliniuliza jina, na analitamka vizuri.

Ukishalijua, simu ya bweni letu iko mezani kwa Mzee Liang, mlinzi wetu. Nikueleze ilivyo. Anayepiga anataja jina, Mzee Liang anasimama chini ya ngazi analiita, nalo linapanda ghorofa kwa ghorofa mpaka mwenyewe alisikie. Jina langu hulivunjavunja, lakini huliita. Ndivyo alivyoniita siku ya taarifa ya msiba, na tangu siku hiyo nikisikia sauti yake ngazini hufunga kwanza mlango. Ningependa siku moja aniite kwa habari nyingine.

Kaa salama, Mwalimu, na viatu visikubane. Ukipiga simu, usimwambie Mzee Liang unamtaka Dada. Dada hapa tuko wengi.

Ni mimi,
Binti wa mwenye wimbo